Kiatu Chako cha Kushoto Kiko Kwangu

Mtumwa wangu Saidi,

Nilianza barua hii kwa "Ndugu yangu mpendwa" nikaichana. Nilikuona kabisa umeshika mbavu, unauliza tangu lini Mnyamwezi wa Goweko akawa na mpendwa. Basi nimerudi kwenye salamu yetu. Mtumwa wangu, hujambo huko? Wamekupa kazi, au na wao umewadanganya kwamba mgongo unakuuma?

Mimi mzima. Nakuandikia hapa bwenini, chumba chetu kile kile, na kitanda chako kinalaliwa na Kizito. Usinune. Aliomba mwenyewe kuhamia, na mlezi wa bweni hakutia neno. Anakoroma kukushinda wewe, jambo ambalo sikujua kama binadamu analiweza. Mwaka huu ndio wetu wa mwisho. Mitihani ikiisha yeye anarudi kwao Masaka na mimi narudi Tabora, na kabla hatujatawanyika kuna habari ya viatu vyako lazima nikupe, maana najua huko uliko ndiyo unayoiulizia kwanza.

Viatu vyako, jamani! Vile vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, alivyokuletea mjomba wako kutoka Dar es Salaam. Ulikuwa unavipiga rangi kabla hujanawa uso. Mvua ikinyesha ulivivua ukatembea pekupeku, ukavikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Baba yako fundi cherehani wa Gongoni, mtu mnyenyekevu anayetembea pembeni ya njia, na wewe mwanawe ukipita katikati ya barabara kama Liwali. Nami kila nilipopata nafasi nilificha kimoja. Kimoja tu, siku zote cha kushoto, kwa sababu mtani akichukua vyote viwili huo ni wizi, na akichukua kimoja ni haki yake.

Unakumbuka siku ya kwanza shuleni Tabora? Mimi nimeshuka garimoshi na sanduku langu kichwani, sijawahi kulala nje ya nyumba ya baba yangu, naogopa hata kuuliza njia. Wewe umesimama getini na watoto wenzako wa mjini. Ukaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi. Ukaliteremsha sanduku langu chini, ukalikalia, ukatangaza, "Mtumwa wangu amefika. Mnyamwezi, nibebe na mimi." Sikuwa nimekuona maishani mwangu. Nilikuuliza kama wewe ni Mzaramo, ukakubali kwa majivuno, basi nikakwambia Mzaramo habebwi, Mzaramo anaachwa porini fisi wamkatae. Watu wakacheka, ukanyanyuka, ukalichukua sanduku langu ukalibeba mwenyewe hadi bwenini. Hofu yangu yote iliishia pale getini.

Hatukufundishana. Kila mmoja alikuja nao utani wake kutoka nyumbani. Babu zangu walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na njia ikapita katikati ya Uzaramo, na pale waligombana na babu zako kwa maji na kwa chakula mpaka wakachoka kuzikana. Wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana tu, watanyang'anyana vitu vidogo vidogo, na mmoja akifa mwenzake atakuja msibani afanye vituko watu wacheke. Babu yako mwenyewe alifuata msafara hadi Tabora akabaki huko huko. Wewe ulidai alipenda hali ya hewa. Mimi nilijua, na nilikwambia mara nyingi, ni kwa sababu wakati wa kurudi hakupatikana Mnyamwezi wa kumbeba.

Kosa letu lilikuwa kudhani dunia nzima inajua hayo.

Tulipofika huku Uganda, chuoni, tulikuta bwalo limegawanyika lenyewe. Wajaluo meza yao, Wachaga meza yao, Wazanzibari wanakula karibu na dirisha, Waganda wenye nchi katikati. Hapakuwa na ugomvi. Kila mtu alimwogopa mwenzake kwa adabu. Nawe juma lile la kwanza, chakula cha mchana, ukaja na sahani yako, ukainama, ukachukua kipande changu cha nyama, ukasema kwa sauti ya mnada, "Mtumwa wangu hali nyama mimi nikiwa hai." Ulisema kwa Kiingereza, Saidi, ili wenyeji wasipitwe. Mimi nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa nacheka peke yangu.

Kizito ndiye aliyesimama. Nani angedhani? Yule kijana mpole wa Masaka, ambaye salamu yake ilikuwa inaanza tukiwa mlangoni na kuisha tumekwisha kaa. Alikuja akaniwekea nyama yake kwenye sahani yangu bila kukutazama, akatoka moja kwa moja kwenda kwa mlezi wa bweni kusema kwamba kuna Mwarabu mweusi amekuja na mtumwa wake chuoni. Kofia yako ile ya kiua ndiyo iliyokuponza. Jioni tukaitwa. Mlezi, Mwingereza wa watu, amekaa na uso mweupe kama karatasi, ameandaa hotuba kuhusu utu, na mimi nambembeleza aniamini kwamba sinyanyaswi. Kila nilivyozidi kukutetea ndivyo alivyozidi kunihurumia. Alikuwa ameshaamua kukurudisha Tabora. Mwisho nikakuvua kiatu cha kushoto mguuni mbele yake, nikakirusha dirishani, nikakwambia kakiokote, mtumwa. Nawe ukaenda kukiokota unacheka mpaka unayumba. Mwingereza akatutazama kwa zamu. Akauliza polepole kama mambo haya yana kanuni. Tulikaa naye saa nzima tukimweleza.

Kizito alituomba radhi. Kwanza akatusalimu salamu nzima, za nyumbani, za mifugo, za wazee, ndipo akaomba radhi. Wewe ulimkatiza kwa mzaha mara mbili, kisha nikakuona umemwacha amalize. Baadaye uliniambia, "Huyu bwana hana haraka na mtu." Sikuwahi kukusikia ukimsifu mtu bila kumtukana ndani yake. Kuanzia pale ukajifunza salamu ya Kiganda yote, pamoja na kuguna kwake, ukawa unawasalimu wapishi kila asubuhi mpaka mwisho. Nyama tuliyokuwa tunapata baada ya hapo wanajua wao na Mungu.

Naye akataka kujifunza ya kwetu. Hapo ndipo kichekesho kilipozaliwa. Likizo tulipomchukua kwenda naye Tabora, wewe ulimfundisha Kiswahili melini tangu tunatoka bandarini hadi Mwanza. Nililala, sikujua unamlisha nini. Alichokielewa yeye, kwa moyo wake mweupe, ni kwamba watu wa Tanganyika wakimpenda mtu humwita mtumwa, na wakimheshimu sana humwita mtumwa kwa sauti kubwa zaidi.

Tumeshuka stesheni ya Goweko. Baba yangu amekuja kutupokea na koti lake la Jumapili, katekista wa miaka yote hiyo, rozari mfukoni. Kizito akamwendea, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akainama karibu magoti yaguse mchanga, akasema kwa nguvu zake zote, "Shikamoo, mtumwa wangu!"

Saidi, wewe ulijificha nyuma ya mzigo wa tumbaku. Mimi nilitamani garimoshi linirudie. Baba hakuutoa mkono wake. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kinyamwezi kama kijana huyu ni Mzaramo. Nikasema hapana, baba, ni Mganda. Akauliza kama Waganda ni watani wetu. Nikasema si watani wetu. Akasema, "Marahaba. Basi tumpe chakula kwanza, mengine tutayajua akishashiba." Wakaenda zao mbele, wameshikana mikono, Kizito akimuulizia hali hadi ya ng'ombe. Nyumbani mama alimpa matobolwa na asali, akala viazi vile vikavu kwa shida, akisifu kila tonge, na mpaka leo baba akiandika ananiuliza bwana wake wa Uganda hajambo.

Hiyo ilikuwa likizo yako ya mwisho, na hatukujua.

Homa ilikukamata kwenu Gongoni kabla likizo haijaisha. Mimi na Kizito tulipokuja kutoka Goweko tulikukuta hospitali, macho ya njano, umekonda, na viatu umeviweka juu ya kitanda miguuni, umemgombeza kila aliyetaka kuvitia mvunguni. Kizito alipotoka kuchota maji ukaniita karibu. Hukuwa unacheka. Ulisema, "Kasimiri, nisizikwe kimya. Mama yangu ana hofu na nyumba iliyonyamaza. Fanya kazi yako." Nikakujibu kwamba mtumwa hafi bila ruhusa ya bwana wake. Ukasema basi nipe ruhusa. Sikukupa, Saidi. Ulikwenda bila ruhusa, na hilo tutakuja kulizungumza.

Sasa nisikilize, maana hapa palikuwa na kazi, na hukuwapo kusaidia.

Umeshaoshwa, umeshavikwa sanda, jeneza limetolewa uani na kufunikwa nguo. Wanaume wamejaa hadi barabarani, akina mama wamekaa barazani na mama yako katikati yao. Tangu asubuhi hajasema neno wala hajatoa chozi. Ametazama tu ukuta. Shehe amemaliza dua, na watu walipotakiwa kuinua jeneza hakuna aliyeinua. Walikuwa wananingoja mimi. Wote walijua mtani wako nipo. Hata shehe alirudi nyuma hatua moja, akaangalia ndala zake, akanipa nafasi.

Nilijua la kufanya. Nilitakiwa nilale mbele ya jeneza, nidai kwamba hamtoki na mtumwa wangu mpaka nilipwe, nikutukane, nikuige unavyotembea. Nimeona wajomba zangu wakifanya tangu nikiwa mtoto. Lakini nilipofungua mdomo hakikutoka kitu. Niliiona miguu yako ikijichora chini ya ile nguo, mirefu, nikajua haina viatu. Basi. Nikasimama pale na machozi yananichuruzika mbele ya watu wazima wa Gongoni, na ua mzima kimya, kimya kile kile ulichokikataa. Mama yako aliugeuza uso wake kutoka ukutani akanitazama. Nikashindwa hata kumtazama.

Nikasikia mtu anapita pembeni yangu. Kizito, na kanzu yake nyeupe ya kwao na koti juu yake, kama mtu anayekwenda kanisani. Akalala chini. Kwenye vumbi, chali, mbele ya jeneza, akakunja mikono kifuani. Akasema kwa Kiswahili chako cha melini, "Huyu ni mtumwa wangu mimi. Hatoki. Mpaka mnilipe matoke."

Mganda! Hana utani na Mzaramo, hana utani na mtu yeyote kutoka ziwani hadi pwani, hana haki hata ya kuchukua kijiti. Mjomba wako mmoja alishapiga hatua kwenda kumwinua kwa kola. Na Kizito, nilimwona vizuri kwa sababu nilikuwa karibu, alikuwa amemwona mjomba anakuja. Alijua anakosea. Alikuwa ameshawahi kumwaibisha baba yangu stesheni, akafundishwa baadaye kwa utaratibu nani anamtania nani, na akashika yote. Akalala chini hivyo hivyo, akitazama mbingu, akaongeza, "Matoke ya kuchemsha. Si ya kukaanga."

Mama yako alicheka. Kilitoka kama kikohozi kwanza, kisha kikaja chenyewe, kicheko chako kabisa, kile cha kuyumba, na machozi yakaja pamoja nacho. Akina mama wakamshika mabega na wao wanacheka na kulia. Nami, sijui, damu ilinirudi. Niliona wivu, Saidi! Mtu ananinyang'anya mtumwa wangu mchana kweupe! Nikamrukia Kizito, nikamburuta miguu, nikapiga kelele kwamba huyu ni wangu, nimemlisha tangu shule ya Tabora, Mganda amemjua juzi. Yeye akang'ang'ania mguu wa jeneza. Nikakutukana wewe, nikawatukana babu zako, nikauliza ni nani atakayemwinua Mzaramo mvivu aliyezoea kubebwa, nikatembea katikati ya ua kama Liwali mwenye viatu vya rangi mbili. Baba yako, yule mtu wa pembeni ya njia, alikuwa amejishika kwenye nguzo ya baraza, mabega yanamtikisika. Mjomba wako akaisahau kola ya Kizito, akakaa chini kabisa.

Ilibidi tulipwe ili utoke. Mama yako akaomba viletwe viatu. Akavishika kwa muda. Mimi nikapewa cha kushoto, kwa sababu alisema kile ndicho nilichokuwa naiba siku zote, na Kizito akapewa cha kulia. Akatuambia, "Haya, mabwana. Mmeshalipwa. Mbebeni mtumwa wenu." Tukakubeba, mimi mbele na yeye nyuma, na kwa mara ya kwanza Mnyamwezi alimbeba Mzaramo bila kulalamika. Ulikuwa mzito kwa mtu aliyekonda. Najua ulijikaza makusudi.

Arobaini yako tulikuwa tumesharudi chuoni, ila baba yangu alikwenda kwa niaba yetu. Mkristo wa Goweko, katikati ya maulidi Gongoni, anagombania sufuria ya pilau na wajomba zako. Nimeandikiwa kwamba alishinda. Siku hizi mama yako akipika mkate wa mchele humpelekea baba kipande kwa mkono wa mtu wa garimoshi, na baba humrudishia asali na matusi. Mama yako ndiye aliyeniambia niseme hivi: nyumba haijanyamaza.

Na huku? Bwalo limechanganyika, mtumwa wangu. Si kwa hotuba. Mlezi wa bweni alitaka nisimame niwaeleze wanafunzi wapya namna ya kuishi na watu wa makwao mbalimbali, nikamwambia sina cha kusimama nacho. Lakini tumeviweka viatu vyako rafuni, cha kushoto upande wangu, cha kulia upande wa Kizito, na hakuna mgeni anayeingia chumba hiki bila kuuliza kwa nini kila mtu ana kimoja. Basi tunamkalisha. Kizito anasimulia polepole, na mimi namkatiza. Tukimaliza, mgeni naye anasema kwao wanazikaje, wanasalimiaje, nani hacheki na nani. Mchaga mmoja alituambia kwao mzaha kama ule ungemaliza undugu wa koo mbili, na tangu hapo hatumtanii, tunampa chai. Mjaluo mmoja alikaa hadi chakula kikampita. Hata yule Mzanzibari mkimya wa dirishani, siku aliposikia habari ya matoke, alilazimika kushika ukuta.

Lakini mwaka unaisha, na hapo ndipo viatu vinapoingia. Kizito alitaka anirudishie cha kulia, ati ndiyo haki, yeye si mtani. Nilimtukana matusi ambayo siyaandiki. Nikamwambia mtu akishalala vumbini uani kwa mama yako, hana tena ruhusa ya kujitoa. Tumekubaliana hivi, na hii ndiyo ahadi yetu kwako. Yeye anakwenda na chake Masaka, mimi nakwenda na changu Tabora. Atakayetangulia kufa, mwenzake atapanda meli na garimoshi, atafika na kiatu chake mkononi, atalala mlangoni, na hakuna maiti itakayotoka mpaka akabidhiwe cha pili. Basi viatu vyako vitakutana tena, mlangoni kwa mmoja wetu. Atakayebaki atavivaa. Nikiwa mimi, nimeshajaribu cha kushoto na kinanibana, lakini nitavivaa hivyo hivyo, katikati ya barabara.

Kwa heri, mtumwa wangu. Ruhusa uliyoniomba hospitali, nakupa sasa. Nenda. Mama yako nitapita kwake kila nikishuka mjini, nimwibie kitu.

Nilikulilia baadaye, vizuri, kwenye garimoshi la Mwanza, na Kizito akakaa kati yangu na watu ili wasinione. Usimwambie mtu.

Bwana wako,
Kasimiri